Nambari za Injini ya Verlin

Mume wangu, Verlin Oberhaus, husahau siku yangu ya kuzaliwa kila mwaka bila kukosa, kwa uaminifu unaostahili medali. Lakini mwonyeshe bloku ya injini, kile kiwiliwili chake cha chuma, iliyotupwa kwenye nyasi, atakwambia ilimiminwa kwenye kalibu mwezi gani na tarehe ngapi. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye ghala la nafaka hapa Paulding, Ohio, na hakuna anayemkumbuka kwa nafaka. Wanamkumbuka kwa tochi yake, na kile kioo kidogo chenye mpini alichomwomba daktari wa meno.

Kazi yake halisi, ambayo hakuna aliyempa, ni kuwaambia wenzake wa maonyesho ya magari ya zamani kwamba magari yao ni ya uongo. Mtu amehangaika miaka kumi na gari la 1969, amelipaka rangi hadi unaona uso wako ndani yake, ameweka na kadi kwenye kioo cha mbele: "Injini ya mashindano, halisi kutoka kiwandani." Verlin atainama chini ya boneti, amulike, apitishe kidole, halafu agune. Mwaka 1998 alimgunia Gaylord Hensley mbele ya mkewe na mchungaji wao.

"Gaylord, ndugu yangu, manifoldi hii ya kupitishia hewa ilimiminwa miezi minne baada ya gari lako kuuzwa. Ilisafiri vipi, kinyumenyume?"

Gaylord aliuza gari, akanunua mashua. Wilaya yetu haina ziwa, lakini aibu haichagui.

Gari la Verlin mwenyewe, bila shaka, halina doa. Ni la buluu, la 1969, lina kabureta mbili, vichwa vya silinda vyenye vali pana kama visahani vya chai, na manifoldi ndefu ya alumini waliyofungiwa watu wachache tu waliokuwa wakishindana mbio za robo maili. Alilinunua kwa baba yangu, Orrin, mwaka 1977, kiangazi kilekile alichonioa, na sidhani kama ameshaamua lipi lilikuwa jambo kubwa zaidi. Mbele ya bloku kuna sehemu bapa yenye nambari zilizogongwa, zinazolingana na za gari, ushahidi kwamba injini ni ileile ya kiwandani. Sita moja imelala upande. Verlin ana hotuba nzima kuhusu hiyo sita.

"Mnaiona? Huyo ni mfanyakazi wa Jumatatu asubuhi, kichwa kinamgonga kwa bia ya jana. Mtu wa kughushi angeinyoosha! Kule kulala ndiko ushahidi wenyewe."

Watu huitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mimi hugawa mikate iliyojazwa nyama ya kuku na kutazama mawingu. Sita ile niliipiga mimi.

Baba aliipasua injini ya mwanzo kwenye mashindano, mwaka 1974. Akachukua bloku ya aina ileile, ya mwaka uleule, kutoka lori la maziwa la mjomba wangu, akairudishia juu vile vipande vya mashindano, ambavyo ni vya kweli kabisa. Kiangazi cha 1977 Verlin alikuwa na miaka ishirini na miwili, akija kila Jumamosi kuliangalia gari. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, nikimletea limonadi. Alikuwa akipokea glasi bila kuinua macho. Nilimpenda, Mungu anisamehe, nilimpenda hadi nikawa siwezi kula. Jumamosi moja akamwambia Baba kwamba wiki ijayo atakuja kusoma nambari za bloku, na zisipolingana atakwenda mjini Fort Wayne kuangalia gari jingine.

Ijumaa mchana nikachukua mashine ya kusagia chuma, nikafuta nambari za lori, nikagonga mpya moja moja kwa nyundo. Baba akarudi kutoka shambani, akaona, akaniangalia, akaenda kukamua ng'ombe.

Basi Agosti iliyopita, kwenye viwanja vya maonyesho vya wilaya, Verlin akaamua kwamba umefika wakati naye apewe cheti cha injini halisi. Cheti kwa maandishi, chenye muhuri, cha kuwanyamazisha wote. Kutoka mji wa Toledo akaja jaji wa magari ya zamani, Renata Kozlowski, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na kamera ndogo kwenye waya unaopinda. Wanaume wakaacha viti vyao vya kukunja, wakazunguka. Gaylord naye alikuwepo. Mimi nilisimama karibu nao, mkate wa Verlin mkononi.

"Bwana Oberhaus, manifoldi ni ya kweli," akasema Renata. "Vichwa ni vya kweli. Sijawahi kuviona pamoja kwenye gari moja."

"Sema kwa sauti, binti, wa nyuma hawasikii."

"Ila bapa la nambari limesagwa. Kisu cha kiwandani huacha mistari myembamba inayoelekea upande mmoja. Hapa haipo, kuna mikwaruzo ya duara. Nambari hizi zimepigwa kwa mkono."

"Na sita je? Yule mtu wa Jumatatu..."

"Hiyo ilipigwa na mtu mwenye haraka, bwana."

Gaylord alikuwa ameingoja siku hii miaka ishirini na mitano. Ilipofika, akamsogezea Verlin kiti. Verlin akaketi, na uso wake ukazeeka hapohapo. Sikupata kuona kitu kilichoniuma vile.

"Maskini Orrin," akasema. "Marva, baba yako aliuziwa uongo, mtu mwaminifu kama yule! Nikimpata mshenzi aliyefanya hivi..."

"Umeshampata," nikamwambia. "Amekushikia mkate wa kuku."

Akanitazama.

"Wewe?"

"Mimi. Kwa nyundo ya Baba, Ijumaa mchana."

"Kwa nini, Marva?"

"Ungeenda Fort Wayne."

"Kuangalia gari tu!"

"Na huko Fort Wayne hakuna wasichana wenye limonadi?"

Wanaume wote wakagundua kwamba viatu vyao vinapendeza sana kutazamwa. Mimi nikalia, na nikakasirika kwamba nalia mbele ya watu waliokuja kuona kabureta. Renata akaondoka taratibu na karatasi zake. Verlin akainuka, akatoa tochi na kioo, akainama chini ya boneti. Nilingoja ule mguno.

"Njoo huku," akasema.

Akanipisha nafasi kando yake, mahali ambapo sijawahi kukaribishwa isipokuwa kushika tochi.

"Ulianza na nambari ipi?"

"Ya mwisho. Nikirudi nyuma."

"Ulishika nyundo kwa mkono gani?"

"Huu. Wa kushoto."

Akamulika tena, akapitisha kidole juu ya zile nambari, pole pole.

"Siku hiyo ulikuwa umevaa nini?"

Miaka arobaini na sita ya ndoa, na ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kuniuliza maswali matatu mfululizo. Nikaanza kumweleza lile gauni, kola yake, vifungo vyake, sikuharakisha hata kidogo, huku nikimwomba Mungu aulize la nne.