Fundo Kwenye Kisigino cha Korongo

"Hivi jirani, hiyo taa yako inachora kwa mkono wa kulia au wa kushoto?" mama wa nyumba ya pili alimuuliza siku moja, kichwa dirishani. Mama Mistari alicheka hadi sindano ikamdondoka.

Alikuwa fundi wa kudarizi. Macho yalipoanza kumchosha, wifi yake, karani wa ukumbi wa maonyesho, alimketisha mbele ya kompyuta akamfundisha kuchora kwa nukta na mistari. Mashine ya leza hufuata mistari hiyo na kuichora ukutani kwa mwanga. Lakini haipendi fujo. Picha ikijaa mistari hutetemeka kama mwenye homa. Na huyu mtu miaka thelathini alikuwa akihesabu mishono! Haukupita muda, mwanafunzi akampita mwalimu.

Tabia moja tu haikumtoka. Kila picha aliianza kwa fundo, nukta tano zilizorundikwa mahali pamoja, kama afungavyo uzi.

"Wifi, mwanga haufumuki!" wifi alimtania. "Ona panavyowaka, kama chunusi."

"Niachie chunusi yangu. Mama alisema kazi isiyo na fundo haina mwenyewe."

Picha zake alizigawa bure kwa wachoraji wa mbali, na wifi ndiye aliyezituma, maana mambo ya kutuma yalimshinda mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake liandikwe chini. Korongo anayeruka alimchora mwezi aliomzika mama yake, akifuata darizi ya kitambaa alichoachiwa na marehemu. Alisali kwanza, ndipo akachora.

Siku ya onyesho la leza pale ukumbini, wifi alimwambia asijisumbue, viti vimejaa. Asingekwenda, ila jirani alishikilia lazima aione hiyo taa. Wakakuta viti vitupu tele. Mapazia meusi yakashushwa mchana ule, na korongo wa kijani akapaa ukutani. Kisiginoni, fundo likawaka.

"Uzuri gani huu!" jirani akanong'ona.

Mtangazaji akataja jina la mchoraji. Lilikuwa la wifi. Wifi akasimama, akainama, makofi yakamwagika.

"Mbona wamekosea?" jirani akataka kuinuka.

"Kaa, mwenzangu," Mama Mistari akamwambia, akimshika mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Alimngoja wifi mlangoni.

"Wifi, ni jina tu," wifi akaanza, bila kumtazama. "Mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Na zile nilizowagawia wenzangu?"

"Nazo pia," wifi akasema. Zote, basi. Miaka miwili ya salamu na shukrani za wachoraji wale, kumbe zilikuwa zikimfikia mwingine.

Mama Mistari alimwomba Mungu ampe ulimi mpole, naye akapewa.

"Watu bado wamo ndani," alisema. "Naomba urudi uwaambie yule korongo nilimchora mimi."