Kaya Moja Kihoto

Nimefundisha utangulizi wa sosholojia katika chuo kimoja mjini Nakuru kwa miaka kumi na mmoja, na bado kaka yangu anayelima viazi Dundori huniuliza kila Krismasi kazi yangu ni ya nini hasa. Daktari anatibu, fundi anajenga, wewe je? Humweleza kwamba mtu mmoja akikosa kazi hilo ni tatizo lake, lakini mtaa mzima ukikosa kazi hilo ni jambo la umma, na sisi ndio tunaoonyesha mahali hayo mawili yanapokutana. Hunisikiliza mpaka mwisho, halafu hunijazia gunia la viazi nirudi nalo mjini. Ananihurumia, na huruma hiyo inaniudhi kuliko matusi. Kwa miaka mingi nilitamani somo langu limfae mtu waziwazi, hata mara moja tu.

Basi ziwa lilipofurika kule Naivasha na maji yakaingia mtaa wa Kihoto, niliona nafasi yangu imefika. Nasema ukweli ingawa unaniaibisha: watu walikuwa wanaokoa magodoro, mimi nilikuwa nawaza fomu. Kamati iliyoundwa kushughulikia waliofurikiwa haikuwa na orodha yoyote ya kuaminika, na ilikuwa imeahidi kila kaya kiwanja kidogo upande wa juu, mbali na maji. Nikajitolea kuwahesabia. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wamevaa gambuti za kuazima, wapite nyumba kwa nyumba.

Kabla ya kwenda niliwakaririsha wiki nzima. Kaya si nyumba, wala si ukoo. Watu wanaweza kulala chumba kimoja na wasiwe kaya, au wakalala mbalimbali na wakawa kaya. Kaya ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja. Nikaichapa hiyo fasili juu ya ukurasa wa kwanza wa fomu ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Mmoja wa waliohesabiwa alikuwa mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye binti mmoja. Alikuwa na nyumba yake ya mabati, vyumba viwili, kwenye kiwanja alichonunua na marehemu mumewe. Maji yalianza na jikoni kwake. Akabeba sufuria, jiko na binti yake akaenda kupikia kwa jirani, ambako sakafu iliinuka kidogo. Huyu ana unga, yule ana omena, wakaacha kutenga cha huyu na cha yule. Usiku mjane alirudi kulala kwake, kitanda kikiwa juu ya matofali. Mwanafunzi wangu alifika saa saba mchana akawakuta wote kwenye sinia moja.

"Kwani hapa mnakula pamoja?" aliuliza.

"Ee, sisi hatuna kwangu na kwako," mjane akajibu kwa furaha, akamsogezea sahani. "Karibu, kula kwanza, hiyo form haitatoroka."

Mwanafunzi akala, akashukuru, akaandika: kaya moja, watu wanane, mkuu wa kaya ni mume wa jirani. Alifuata mafunzo yangu neno kwa neno. Na mimi sikuishia kuipitisha fomu ile. Niliisoma mbele ya darasa kama mfano wa mshikamano, nikaandika "safi sana" pembeni kwa kalamu nyekundu. Nikikumbuka wino huo hadi leo nataka kujipiga kofi.

Kamati ilibandika ukutani orodha ya wakuu wa kaya watakaopewa viwanja. Namba yangu ya simu ilikuwa chini ya kila fomu, kwa hiyo mjane akanipigia.

"Madam, ni mimi mama wa omena. Jina yangu haiko. Nimeangalia mara tatu, nikaambia binti yangu pia aangalie."

Nilikwenda kwa katibu wa kamati nikiwa nimejiandaa kugombana na mtu mvivu. Bahati mbaya hakuwa mvivu. Alifungua faili, akaweka kidole juu ya ukurasa wa kwanza.

"Madam, hii si ni yenu? Kaya ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja. Hawa wanakula pamoja. Ama mlikosea?"

"Hatukukosea. Lakini huyu mama ana nyumba yake. Walisaidiana tu kwa sababu ya maji."

"Sawa. Sasa hiyo ya kusaidiana niandike column gani?"

Nilimkasirikia, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa amesoma maelezo yangu vizuri kuliko nusu ya wanafunzi wangu. Nilimhubiria. Nikamwambia fasili ni chombo cha kutafuta watu, si mlango wa kuwafungia nje. Akanisikiliza kwa adabu, vile vile kaka yangu anavyonisikiliza. Kisha akanieleza njia iliyobaki: wakaguzi wa kamati watapita Alhamisi saa saba, na wakimkuta mjane anapika kwake na kula kwake, nami nikitia sahihi kwamba kaya ni mbili, ataongezwa.

Nilimwomba jirani aje aseme tu ukweli, kwamba walichanga chakula kwa sababu ya mafuriko. Akakataa, macho yakiwa chini.

"Mwalimu, wakisema tulidanganya, watatutoa sisi pia. Niko na watoto wanne." Sikuweza kumlaumu, ingawa nilitaka sana kumpata wa kulaumu ambaye si mimi.

Mjane hakugombana naye. Walikubaliana wenyewe, wakiwa wamesimama kwenye matope, kwamba jiko litahama.

Alhamisi nilifika mapema. Maji yalikuwa yamepungua kwake na kuacha tope na harufu ya kuoza. Alikuwa amepanga mawe, ameweka jiko juu yake, amesonga ugali wa watu wawili. Ulikuwa mdogo, na aliupakua kwa mkono usiouzoea udogo huo. Wakaguzi tuliwasikia nyumba ya tatu wakiuliza maswali yao. Wakati huo akatokea mtoto wa mwisho wa jirani, wa miaka minne hivi, na sahani yake ya plastiki, amelifuata jiko alikozoea kupakuliwa kila siku.

"Rudi kwenu," mjane akamwambia. "Leo kila mtu anakula kwao."

Mtoto akacheka, akidhani anataniwa, akaketi chini kando ya binti na kushika sahani kwa mikono miwili. Mjane akamwinua kwa mkono mmoja, akamtoa nje, akafunga mlango na kuutia komeo. Tulimsikia mtoto akigonga kwanza polepole, halafu kwa sahani. Binti aliutazama ugali wala hakuugusa. Mimi nilikuwa nimesimama na fomu mpya mkononi, nikaweka kalamu juu ya nafasi ya idadi ya watu.

Mjane alibaki ameshika komeo, mgongo kwangu.

"Andika haraka, madam," akasema, "kabla sijamfungulia."