Bosi wa Mwisho

Wiki jana nilikuwa mjini Wote kwa fundi wa simu, nikisubiri yangu. Mama mmoja mwenye kilemba cha kanisa akaja kuchukua simu aliyoacha ibadilishwe kioo. Fundi alikuwa anakijaribu kioo kipya vile mafundi wetu hujaribu: amefungua gemu aliyoikuta ndani, anacheza. Alipomwona mama, aliiinua simu juu kama kombe.

“Mama, kioo iko sawa. Na nimekuulia lile jitu la mwisho, yule bosi! Ilikuwa imeandika mchezaji ameshindwa mara arobaini na moja.”

Mama aliipokea simu, akaipangusa kwa pindo la leso.

“Huyo mchezaji ni kijana yangu. Alikuwa anapigana naye akiwa wodi. Hapo ndio aliachia. Tulimzika Aprili.”

Fundi aliichukua tena simu, akabonyezabonyeza airudishe gemu nyuma. Ikamwomba jina la mchezaji mpya.

Sisi tuna haraka sana na vita vya wenzetu. Tunawamalizia bila kuitwa, halafu tunangoja asante. Na asante ilikuja, maana mama alikuwa na adabu. Kisha akauliza polepole, “Na huyo bosi, hawezi kufufuka?”