Skrubu ya Kumi na Nne

Ungeingia kwenye banda lile la ndege asubuhi ile, kitu cha kwanza ambacho ungekiona ni miguu miwili ya mtu mzima, yenye soksi za kijani, imening'inia juu ya kiti cha rubani. Kiwiliwili kilifuata kwa mbali. Kichwa kilikuwa chini kabisa, nyuma ya pedali, mahali ambapo aliyeichora ndege ile alipaacha kana kwamba mafundi wote wa dunia ni nyoka.

Miguu ilikuwa ya Mama Nyota. Walimwita hivyo kwa sababu ya bisibisi ya nyota aliyoichomeka kwenye nywele kama karani anavyochomeka kalamu sikioni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameimaliza akifungua na kufunga ndege ndogo. Alikuwa na mkono mwembamba wa kupenya kule chini, na mdomo mpana wa kueleza alichokikuta.

Siku hiyo alikuta bamba dogo la sakafuni, ukubwa wa sinia, linalofunika waya wa chuma unaovutwa na mguu wa rubani ili kugeuza mkia. Ukaguzi wa mwaka hauishi bila waya ule kuonekana kwa macho. Bamba lilishikwa na skrubu kumi na nne. Kumi na tatu zilitoka kwa adabu. Ya kumi na nne, ile ya kona ya mbali, iligoma.

"Aliyefunga hii hakulelewa," sauti ilitoka chini. "Huyu aliokota tu umri barabarani."

"Taratibu, shemeji," alisema mwanamume aliyeshika tochi. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, fundi pia, lakini mwenye tumbo ambalo halikuwa na safari yoyote ya kwenda nyuma ya pedali. "Huenda ni mtu mzima, ana familia."

"Familia! Mtu huyu umpe familia, aifunge na skrubu isiyo yake. Mulika huku, unamulika goti langu."

"Goti lenyewe limependeza."

"Kaka yako angekufufukia."

Alikuwa ameshamwaga mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri hadi chai ikapoa. Alikuwa amepaka uji wa msasa kwenye ncha ya bisibisi ili ing'ate. Aligonga kidogo kwa nyundo, akakandamiza, akazungusha. Bisibisi iliteleza, ikamchuna vidole vitatu, na msalaba wa kichwa cha skrubu ukalainika ukawa kama kipara. Kila jaribio lilikuwa na tusi lake, na hakurudia hata moja.

Mama Nyota hakuwa mkali kwa skrubu tu. Karakana nzima iliishi chini ya sheria yake: hakuna skrubu kukaa mfukoni, kwenye kopo, wala mdomoni. Unachukua kipande cha boksi, unachora umbo la bamba, unatoboa matundu, na kila skrubu inakaa kwenye tundu lake mpaka irudi ilikotoka. Skrubu ndefu na fupi hufanana kama pacha, na ndefu ikiingia mahali pa fupi, ncha yake hutokea upande wa pili na kuanza kukwangua kisichoonekana. Miezi kumi iliyopita fundi mmoja alizichanganya mfukoni. Mama Nyota aliandika barua mwenyewe, fundi akasimamishwa kazi mwezi mzima. Alipolia, alimpa kitambaa, kisha akampa barua.

Saa tano meneja aliingia, tai imembana, simu mkononi.

"Mama Nyota, skrubu moja tu? Weka saini. Kumi na tatu si haba."

"Waya siuoni."

"Mwaka jana ulikuwa mzima."

"Mwaka jana hata wewe ulikuwa na nywele." Miguu ya kijani ilitulia. "Kesho anapanda nani?"

"Mimi na mke wangu."

"Basi mwite mkeo hapa. Nitaweka saini mbele yake, na wewe umweleze ambacho sijakiona."

Meneja alimfikiria mke wake kidogo, akaondoka.

"Lete kitabu cha matengenezo," Mama Nyota alisema. "Nataka jina. Namwandikia barua leo hii, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja."

Shemeji alifunua kitabu, akapitisha kidole, kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Soma."

"Sioni vizuri, mwanga hautoshi."

"Wewe ndiye umeshika tochi!"

"Shemeji," alisema polepole, "ni wewe. Mwandiko wako, saini yako. Tarehe ile waliyokupa cheti."

Chini ya pedali, Mama Nyota alikumbuka. Cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani, ndani ya fremu: Fundi Mwangalifu wa Mwaka. Siku ile wapiga picha walikuwa wakimngoja nje, naye alikuwa amebakiza skrubu moja. Ikamponyoka, ikadondokea tumboni mwa ndege. Boksi la matundu hakuwa nalo. Skrubu kumi na nne tu, boksi la nini? Akachukua nyingine kwenye droo, ndefu kidogo, akaikaza kwa nguvu na hasira, akanawa mikono na kwenda kutabasamu. Baada ya hapo akasahau. Aibu zetu hatuzipotezi, tunazifukia, tena kwa bidii kubwa kuliko tunayoiweka kazini.

"Kitabu nimekisoma mimi peke yangu," shemeji alisema. "Na macho yangu unayajua."

"Nipe drili," Mama Nyota alisema.

Aliitoboa kichwa taratibu, akinyonya vumbi la chuma kwa mpira wa mashine, mpaka kichwa kikaruka na bamba likanyanyuka. Akaingiza kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Waya ulikuwa umekwanguliwa na ncha ya skrubu mwaka mzima. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika, zimesimama kama ndevu za paka. Na pale chini, ndani ya vumbi, skrubu fupi ilikuwa imelala salama salimini, haina habari na mtu.

Alitoka kinyumenyume, nywele zimejaa uchafu, akaenda ofisini kwa meneja na kuiweka skrubu ile fupi juu ya meza.

"Kesho huruki. Waya unabadilishwa."

"Mpumbavu gani amefanya hivi?"

"Mimi."

Meneja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Sikiliza. Tutaandika uchakavu. Cheti kile wateja wote wanakiona."

"Uchakavu hauna saini. Hii inayo." Akachomoa barua ya zamani kwenye faili, akaiandika upya neno kwa neno, akabadilisha jina tu. Mwezi mmoja, kama mwenzake.

"Na bamba litafungwa na nani? Mkono mwembamba ni wako tu."

"Yule niliyemsimamisha anao. Tena yeye sasa anahesabu."

Alirudi karakanani na skrubu yake fupi, akakitoa cheti ukutani na kwenye fremu yake. Karatasi ilikuwa nzito, ya heshima. Akaliweka bamba juu yake, akachora umbo, akatoboa matundu kumi na nne kwa bisibisi ya nyota, moja likipita katikati ya neno Mwangalifu. Akachomeka skrubu, moja baada ya nyingine.

Fundi aliyewahi kulia alipofika, alikuta miguu haipo, ila cheti kile juu ya kiti na Mama Nyota amesimama pembeni. Alikisoma, akahesabu skrubu.

"Mama, hapa zipo kumi na tatu. Na hiyo nyingine uliyoishika?"

"Hii imelala kwenye uchafu mwaka mzima, haifungi ndege ya mtu. Ya kumi na nne kachukue mpya stoo," alisema, akivua ovaroli. "Fupi. Uipime kwanza, halafu uipime tena, na mimi usiniamini."