Nilivyokwenda Kinyerezi Kutafuta Mbegu ya Mtama

Safari hii niliianza kwa hasira. Misimu miwili mfululizo shamba letu dogo la Kibamba, nyuma ya nyumba, lilitoa masuke mengi yenye punje za kijivu, na ukizibonyeza zinamwaga vumbi jeusi kama masizi. Mbegu ilikuwa ya mama mkwe wangu. Alipohamia kwetu kutoka Dodoma aliileta kwenye kibindo cha kanga, na ndicho kitu pekee alichobakiza kutoka shamba lake mwenyewe. Nilipanda mimi, wakapanda na wenzangu wanne wa kikundi chetu cha akina mama, kwa sababu sote tunasaga unga wa uji na hatutaki dawa za dukani. Wote masuke yao yaliharibika. Nikakata shauri kwamba mbegu ya mama imechoka, na mtu wa kutafuta nyingine ni mimi.

Saa moja asubuhi nilimkuta mama mkwe uani, kwenye jiko lake la kuni. Juu ya jiko hilo huning'iniza fungu la masuke, yameiva moshi mpaka yamekuwa meusi, na nimeshagombana naye mara nyingi kwa jinsi yanavyodondosha masizi kwenye sufuria zangu.

"Mama, naenda Kinyerezi kuchukua mbegu mpya," nilimwambia, nikiyaonyesha masuke yale kwa kidevu. "Hiyo mbovu wape kuku."

"Mbovu niwape kuku," alirudia, macho kwenye moto. "Haya, mwanangu. Nenda salama."

Nilijiona mwanamke mwenye msimamo. Nikatia masuke matatu yenye ugonjwa kwenye mfuko wa sandarusi, nikaondoka.

Kutoka Kibamba nilishuka na Barabara ya Morogoro hadi Mbezi, na pale nikachukua bajaji ya kupitia Malamba Mawili. Dereva alikuwa mcheshi. Aliponiuliza nimebeba nini nikamwambia mtama unaoumwa, akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Sista, sie tunapeleka watu hospitali, wewe unapeleka nafaka!" Nami nikacheka, hasira ikapungua.

Saa tatu na nusu niliwasili Kinyerezi. Mwalimu Somoe, mama wa Kilindi aliyestaafu ualimu, analima kipande cha ardhi upande ambako nyaya kubwa za umeme zinapita kutoka kwenye mitambo ya gesi. Nilipewa jina lake na mteja wangu wa unga, kwamba huyu ndiye anayejua mtama usiotiwa dawa. Nilimwona katikati ya shamba, nikaanza kumfuata huku nimeinua mfuko wangu.

"Simama hapohapo!" alipiga kelele. "Una nini humo?"

"Shikamoo, Mwalimu. Ni masuke, yanaumwa, nimekuja uniangalizie."

"Marahaba. Usiingie nayo shambani kwangu. Yaache barabarani, nakuja."

Nilisimama kando ya barabara kama mwanafunzi aliyechelewa, bajaji zinapita. Alikuja, akafungua mfuko polepole, akabonyeza punje moja mbali na kanga yake, akaufunga tena.

"Hili ni fugwe," alisema. "Ni ukungu, lakini si ule wa unyevu. Vumbi hili ndilo mbegu ya ugonjwa. Likigusa punje nzima, ukizipanda, ugonjwa unaota nazo. Mnapura wapi mtama wenu?"

Hapo nikanyoosha mgongo. "Kwenye turubai langu. Tumezunguka nalo nyumba zote tano, namwazima kila mtu."

Mwalimu aliniangalia kwa huruma, na mimi nikahisi joto likinipanda usoni. Nilielewa kabla hajasema. Kila mavuno nilikunja turubai lile na vumbi lake, nikalipeleka kwa jirani, nikashukuriwa kwa ukarimu wangu. Ugonjwa tulikuwa tunagawiana kwa mikono yangu mwenyewe.

Baada ya kunawa mikono kwa sabuni, maana alinilazimisha, alinipitisha kwenye mistari yake. Alinionyesha mtama wa suke lililobanana, uliooza kwa ndani baada ya mvua, na mwingine wa suke lililoachana, safi kabisa.

"Hapa Dar hewa ina maji. Chagua suke lenye nafasi, upepo upite," alisema. "Mbegu uichague ikiwa bado imesimama shambani, kabla ya kupura. Suke lenye fugwe lifunike mfuko, likate, lichome moto."

"Basi nipatie ya kwako, Mwalimu."

Alicheka. "Ya kwako imeachana kuliko yangu! Umeliona suke lako vizuri? Mie ndiye ninayeitaka. Huna masuke hata machache ambayo hayajagusa turubai?"

Moyo ulinilipuka. Yapo. Mama mkwe huyakata mwenyewe shambani, moja moja, kabla sisi hatujaanza kuvuna, akayatundika juu ya moto; sisi tulikuwa tunapanda za kwenye gunia langu, zilizopurwa turubaini.

Nilipiga simu nyumbani, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikapanda bajaji ya kurudi, na Malamba Mawili siku hiyo haikwisha.

Saa nane mchana niliingia uani nikihema. Kuku walikuwa wamejazana wakidonoa mtama chini. Nikainua macho juu ya jiko. Patupu.

"Mama!" nikalia. "Umewapa kweli?"

Mama mkwe alitoka chumbani kwake na fungu la masuke meusi mkononi. "Uliniambia mbovu niwape kuku," alisema. "Nimewapa ya kwenye gunia lako."

Nilikaa chini palepale na kucheka na machozi, naye akanicheka mimi. Jioni ileile niliwapitia wenzangu wanne, nikawaeleza habari ya turubai bila kujitetea, na hakuna aliyenitukana ingawa mmoja alinisema sana. Turubai tulilichoma kwenye shimo la taka.

Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kulaumu mbegu ya mtu, nitazame kwanza ninachoipuria. Msimu huu masuke ya kwanza tulikata pamoja, mimi na mama, na moja zuri nimempelekea Mwalimu Somoe. Mengine yapo juu ya jiko. Masizi yake yanadondoka kwenye sufuria zangu, nami nazisugua kimya.