Saa Kumi na Tano Hadi London

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya shamba la chai, upande wa Kiptere, Karani Mkuu hakunipa hata kiti. Alinipa ramani, rula na penseli, akaniambia nipange safari za lori la majani mabichi. Majani yaliyochumwa yakikawia njiani hupata joto na kuharibika, kwa hiyo lori halikuruhusiwa kusimama popote mpaka kiwandani. Nilipima maili, nikagawanya kwa mwendo wa lori, nikapata saa ya kufika. Mwaka haukuisha kabla watu hawajaanza kuniita karani asiyekosea, nami nikavimba kichwa.

Katikati ya miaka ya hamsini, Meneja alikwenda likizo kwao London na familia yake, akamchukua Chebet, yaya wa watoto wake. Aliahidi kutuma telegramu wakishafika. Mama yake Chebet, mchumaji wa chai tuliyemwita Kobot Chebet, yaani mama Chebet kwa Kikipsigis, alikuwa amebakiwa na mtoto huyo mmoja tu, na siku hizo watu walisimuliana sana habari za ndege zilizoanguka. Siku ndege iliporuka alikuja dirishani kwangu kuuliza mtoto angekanyaga ardhi saa ngapi. Nikapima kutoka Nairobi: maili elfu nne na kitu. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege. Nikamwambia ni saa kumi na tano, asiwe na shaka, kesho yake asubuhi telegramu ingekuwa mezani.

Kesho yake alikaa kwenye baraza ya ofisi tangu asubuhi mpaka jioni. Telegramu haikuja. Ningeweza kumwambia sijui, lakini nilimwambia nimerudia hesabu na haina kosa. Akainuka, akaondoka.

Siku iliyofuata hakuja. Mchana telegramu ikaingia: wamefika salama. Nilikimbia nayo hadi kambi ya wachumaji, nikamkuta ameketi katikati ya wanawake wenzake, kichwa kimenyolewa, kama Wakipsigis walivyofanya wakifiwa.

Nilimsomea. Alilia, kisha akasema polepole, "Nywele itarudi, karani. Lakini mimi nimezika mtoto yangu tangu jana, sababu ya kalamu yako."

Karani Mkuu aliniita ofisini. "Ndege inatua Entebbe, Khartoum, Cairo, Roma," alisema. "Inatiwa mafuta, watu wanakula. Nani alikuambia hiyo ni lori ya majani?"

 Aibu ile ninayo hata leo.

Baadaye nilihamishiwa Sotik, nikapanda hadi Karani Mkuu mwenyewe, nikastaafu kwa heshima. Wajukuu wananiambia siku hizi ndege huenda London bila kutua njiani, nami nafurahi. Lakini nikiwaza kazi yangu, nakumbuka Chebet alipokuwa akirejea. Safari hiyo niliuliza vituo vyote, nikaijua siku na saa hasa. Kobot Chebet alimngoja mwanawe kando ya barabara siku tatu. Kila asubuhi alipita dirishani kwangu, akanisalimu vizuri, na hakuniuliza.