Uzi Juu ya Sufuria

Mimi nikifurahi hupiga kelele, hata jikoni, ndiyo maana binti yangu hunifukuza akitaka kusoma. Tunaishi Ibra. Mwaka huo alikuwa darasa la kumi, na Jumapili ilimpasa awaambie shuleni kama atachukua hisabati nyepesi au ile ya juu. Tangu mdogo alitaka kusanifu majumba, na bila ya ile ya juu haiwezekani. Lakini jiometri ilimtoa jasho, akaniambia keshakata tamaa, atachukua nyepesi. Niliumia sana.

Ijumaa wakwe zangu wa Sur walikuwa wanakuja. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, hamruhusu mtu kugusa mkate wake wa kumimina. Alikuwa amenunua sufuria mpya sokoni Sinaw, upana wake mara mbili ya ile ya siku zote. Kwa hiyo aliroweka mchele mara mbili ya kawaida, akausaga kwa tui la nazi na iliki, akaliacha rojo liumuke. Nami nilimwona ana akili kweli.

Binti yangu akaingia kunywa maji, akasimama, akaangalia.

"Bibi, halitotosha hilo. Mkate utakuwa chapati."

"Chapati ya wapi? Sufuria mara mbili, mchele mara mbili. Khalas!"

Akanyunyiza unga wa ngano mezani, akachora mraba kuizunguka sufuria ndogo, ile ya mkate ya siku zote. Kisha akachora mingine mitatu, yote ikashikana ikawa mraba mmoja mkubwa, akaiweka sufuria mpya juu yake. Ikaenea sawasawa.

"Umeona, bibi? Ilitakiwa mchele mara nne."

Mama akashika kichwa. Mchele hulala majini usiku kucha, na shemeji yangu alikwishapiga simu kwamba wamepita Al Kamil, wako njiani kwetu. Mkate mwembamba mbele ya wakwe, wallahi, ni aibu ya kuingia nayo kaburini.

"Basi tutafutie sufuria inayolingana na rojo hili la mara mbili," nikamwambia kwa hasira. "Si wewe mjuzi?"

Akaiondoa sufuria, akainamia unga, akakata kila mraba kwa mstari wa mshazari, na mistari minne ikakutana ikafanya mraba mwingine katikati, umekaa upande.

"Mama, tazama! Huu umechukua nusu ya kila mmoja. Nusu nne ni mizima miwili! Upande wake ndio upana tunaoutaka!"

Nilipiga ukelele. Akapima ule mshazari kwa uzi, tukafungua makabati yote, uzi ukiwekwa juu ya kila sufuria tuliyonayo. Ile ya wali wa kila siku ikalingana nao! Mama akamimina mwenyewe. Mkate ukapanda na kimo chake kile kile, juu umepiga wekundu.

Wageni walipokuwa wanaula, kaka mkubwa wa mume wangu akamuuliza binti yangu atasoma nini.

"Hisabati ya juu, ami. Nikishindwa, nitashindwa huko huko."

Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nikapiga kigelegele mbele ya wazee wote wa Sur, wala sikuona haya.